Mhungaria wa Bwana Coutelier

1 Septemba 1958, Jumatatu

Kuanzia leo sitoki na ndoo asubuhi. Bwana Coutelier ameniweka kwenye chumba cha dirisha la kaskazini pamoja na taipureta yake, nimpigie chapa riwaya aliyokuwa akiiandika kwa mkono mwaka mzima. Dada yake, Bibi Léontine, ambaye ndiye anayeendesha shamba la mizabibu na kila kitu kingine hapa, alinuna kwa kupoteza mikono miwili mwezi mmoja kabla ya mavuno. Kisha akasema sawa, nikae huko ndani mpaka zabibu ziive. Zikiiva nitashika mkasi kama watu wengine.

Vidole vyangu havijasahau kazi. Miaka tisa nilikuwa karani wa chapa katika kiwanda cha mabehewa kule Győr. Herufi za Wafaransa zimekaa ovyo, a iko mahali pa q, lakini nitazizoea.

Ninaandika haya kwa Kihungaria. Nyumba hii haina mwingine anayeweza kukisoma, wala kijiji kizima cha Mareuilles.

3 Septemba

Mvua. Kurasa kumi na moja.

6 Septemba, Jumamosi

Bibi Léontine amenunua farasi wa kulima kati ya mistari ya mizabibu. Kwenye karatasi ya mauzo ameandikwa hongre, maana yake farasi aliyehasiwa. Muuzaji aliliona neno, akaniona na mimi nikipita na karatasi zangu, akawaambia wanaume waliokuwa uani: "Basi sasa mnao wawili. Hongre zizini, hongroise jikoni." Hongroise ndiye mimi, mwanamke wa Kihungaria. Walicheka sana.

Nilimwuliza Sabin wanachekea nini. Sabin ndiye mtunza mapipa wa hapa, mjane wa miaka sitini hivi, na ndiye aliyenipa koti la marehemu mkewe nilipofika mwaka jana bila nguo ya baridi. Alipata haya, masikio yakawa mekundu. Akanieleza kwamba kazi hiyo ya kuhasi farasi Wafaransa waliijua kutoka kwetu, ndiyo sababu farasi wa namna hiyo akaitwa kwa jina la taifa letu.

"Usiwajali, binti," akasema. "Ni neno tu."

10 Septemba

Mvua tena. Bibi Léontine anatembea kati ya mizabibu akifunua vishada kwa kidole kutafuta uozo.

Mezani nilimsimulia Bwana Coutelier habari ya farasi, nikidhani atawakasirikia. Alifurahi. Akaniambia sijui neno langu limefanya kazi ngapi katika lugha yao, akanipeleka kwenye makabati yake ya vitabu. Kwanza akanieleza juu ya ogre, zimwi la hadithi zao linalokula watoto: wapo wataalamu wa zamani waliosema kwamba naye ni hongrois aliyekatwakatwa jina, kwa sababu babu zetu waliwahi kufika hadi huku na farasi zao wakichoma makanisa. Wengine wanakataa, akasema, lakini yeye anapenda iwe kweli. Halafu akaanza kunishushia riwaya moja baada ya nyingine, akinifungulia palipo na hongroise.

Nilisoma mpaka saa ya chai. Yuko hongroise anayecheza dansi juu ya meza. Yuko aliyempa mumewe sumu. Wako wawili mabinti wa watu wakubwa wenye manyoya shingoni, mmoja anapoteza nyumba yake kwenye karata. Wote wana macho meusi na wote wanakufa kabla ya sura ya mwisho. Sikumpata hata mmoja mwenye kazi ya ofisini au anayeumwa jino.

Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa. "Subiri," akasema, "wa kwangu yuko njiani."

Ni mtu mwema. Tangu nifike, kila baada ya chakula cha mchana alikuwa akiniketisha na kuniambia nieleze maisha yangu kwa Kifaransa, naye ananisahihisha. Hakuna mwingine aliyejipa taabu hiyo.

15 Septemba

Nimefika ukurasa wa hamsini na mbili, na hapo ndipo anapoingia. Mwanamume mpweke mwenye mizabibu anafungua mlango, na kwenye mvua amesimama "la Hongroise", mwanamke kutoka Hungaria. Ana koti la mtu mwingine. Anashika kikombe kwa mikono miwili. Mimi hushika kikombe hivyo.

Niliona aibu, na pia, niseme kweli, niliona fahari kidogo.

18 Septemba, Alhamisi

Nilipiga chapa karibu sura yote ya saba kabla sijaelewa ninachokipiga. Ndivyo ilivyo kazi yetu, jicho linasoma herufi na kichwa kiko kwingine. Kisha vidole vikaandika tena V, e, n, d, e, l, na safari hii kichwa kikasikia. Nikasimama.

Yote yamo humo. Mtaa wa Wasuka Kamba. Duka la mikate lenye ngazi tatu. Kaka yangu Vendel, dereva wa kiwanda cha mabehewa, alivyolichukua lori la kiwanda katika zile siku za Novemba mwaka juzi, maasi yetu yalipokuwa yakizimwa kwa vifaru, akapeleka majeruhi hospitali na kurudi na bunduki chini ya magunia ya unga kwa ajili ya vijana waliokuwa darajani. Alivyonifikisha mimi kwenye matete ya mpakani, akataka kuvuka nami, akakumbuka mama yuko peke yake, akageuza lori. Alivyolirudisha mahali pake kabla ya zamu ya asubuhi, akaingia kazini na wenzake kama kawaida. Mpaka leo wakubwa wa pale hawajajua nani aliliendesha lori lile. Wanatafuta bado. Waliopatikana na makosa madogo kuliko hayo wamefungwa miaka, na wengine hawakufungwa, walinyongwa.

Mimi ndiye niliyemwambia Bwana Coutelier. Nilimwambia mchana baada ya mchana, meza ikiwa na makombo, naye akiandika kwenye kijitabu chake. Nilidhani anaandika makosa yangu ya sarufi.

Nilichukua karatasi nikaenda nazo bustanini alikokuwa akichuma maua. Nilimwambia aondoe jina la kaka yangu, na mtaa, na kiwanda, na lori. Hakuona ubaya wowote. Alisema kule hakuna anayesoma Kifaransa. Nikamwambia wapo watu wanaolipwa kusoma kila kinachochapishwa huku juu yetu. Akasema hii ni riwaya, si taarifa ya polisi. Nikamjibu kwamba anayetaka taarifa haulizi imeandikwa kwenye kitabu cha namna gani.

Kisha nikamwuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu asubuhi. Kwa nini kaka yangu ana jina na mimi sina? Kurasa tisini, na kila ninapopita naitwa la Hongroise, hata mwenye nyumba anaponipenda, hata ninapolia.

Alifurahi kuulizwa. "Kwa sababu wewe si mtu mmoja tena, Gizella," akasema. "Wewe ni nchi nzima. Nikikupa jina nitakupunguza."

Jina langu, ambalo halimdhuru mtu, ndilo aliloliondoa. Lile linaloweza kumwua mtu akaliacha mle kitabuni.

19 Septemba

Mvua. Sikupiga chapa. Nilisema naumwa kichwa.

22 Septemba

Amekubali. Amenionyesha, nimeona kwa macho yangu: pote palipoandikwa Vendel amekata kwa wino na kuandika Imre, mtaa ameubadilisha, kiwanda amekifanya kuwa kinu. Nimepiga chapa sura hiyo upya, nikalala mchana huo kama mtu aliyeshusha mzigo. Aliniomba msamaha hata mbele ya dada yake. Nilikuwa nimeanza kumfikiria vibaya na nikajuta.

29 Septemba, Jumatatu

Mavuno yameanza. Mswada umeenda Paris. Mikasi, matope.

1 Oktoba

Mgongo.

2 Oktoba

Mgongo, na nyigu mmoja kwenye kidole gumba.

5 Oktoba, Jumapili

Zabibu nyingi zimeoza, tunakata kishada, tunanyofoa sehemu mbaya, tunatia nzuri kwenye kikapu. Wanawake waliotoka vijiji vya jirani wananiita Mhungaria, Mhungaria sogea, Mhungaria lete maji, bila ubaya. Wakati wa chakula mmoja alitaka nisimulie tulivyotoroka. Nilisita, maana sasa naogopa kufungua mdomo, lakini Sabin akanitangulia. Mwaka jana nilimsimulia na alilia. Wakati wa vita alikuwa mfungwa Ujerumani pamoja na mdogo wake. Yeye aliwahi treni ya kurudi, mdogo wake hakuiwahi, wala hakuonekana tena. Kwa hiyo habari ya kaka aliyegeuza lori kwa ajili ya mama yake ameishika kama sala. Aliwasimulia vizuri kuliko mimi. Hakutaja jina, ashukuriwe Mungu.

9 Oktoba

Tumemaliza. Karamu ya mwisho wa mavuno, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwenye mvinyo, nyimbo. Bwana Coutelier akasimama na kikombe akatangaza kwamba mchapishaji amekikubali kitabu, na kwamba gazeti moja kubwa la Paris litatoa sura moja Jumanne ijayo. Bibi Léontine akafuta macho na ncha ya aproni. Nilipiga makofi na mimi.

14 Oktoba, Jumanne

Sabin ndiye aliyelileta gazeti kutoka stesheni. Alikuja nalo mbio mpaka jikoni, amelikunja kifuani lisilowe.

Sura ya saba. Chini ya kichwa wameandika kwamba ni kisa cha kweli cha Mhungaria anayeishi chini ya paa la mtunzi. Vendel, katika mstari wa nne. Vendel dereva. Mtaa wa Wasuka Kamba, duka la mikate lenye ngazi tatu, kiwanda cha mabehewa. Vendel mara kumi na saba, nilihesabu.

Nilimkuta Bwana Coutelier sebuleni na gazeti lake mwenyewe magotini. Hakujificha. Alisema alijaribu, Mungu anamjua. Alisoma sura ile na Imre, ikawa kama mwanasesere anaongea. Siku moja kabla ya kuituma alirudisha kila kitu kwa mkono wake.

"Jina jingine lilikufa kwenye karatasi," akasema.

"Na mwenyewe je?" nikamwuliza.

Alilikunja gazeti magotini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayenibembeleza, kwamba siku moja Vendel mwenyewe atajivunia. Nilitoka. Nilisimama kwenye ghala la mapipa muda mrefu, mvinyo mpya ukichemka ndani ya mapipa na kunuka, na nilimfikiria mtu fulani katika ofisi fulani akikata mstari wa nne kwa mkasi mdogo na kuubandika kwenye jalada.

15 Oktoba

Nilimwendea Bibi Léontine. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapanga mikasi kwenye sanduku. Akasema anasikitika. Akasema pia kaka yake amengoja miaka thelathini watu wasome alichoandika, na kwamba sasa kimeshachapishwa, na tunda lililokatwa halirudi mtini. "Wewe uko salama hapa," akasema. "Shika hilo."

Nilimwambia kwamba na mimi nina kaka. Alifunga sanduku la mikasi akanipa nilibebe.

17 Oktoba

Kukanusha kwa Bwana Coutelier hakutasaidia hata akikubali. Watasema amelipwa. Kuna mtu mmoja tu ambaye maneno yake yanaweza kuliua jambo hili.

20 Oktoba, Jumatatu

Nimeandika barua kwa gazeti. Nimeipiga chapa kwenye taipureta yake alipokwenda kutembea. Nanakili hapa kile nilichosema, ili pawe na mahali pamoja ninapokiri kwamba ni uongo.

"Mimi ndiye Mhungaria wa Bwana Coutelier. Jina langu ni Gizella Baráth. Kisa mlichokitoa nilikitunga mimi ili nionewe huruma na kupewa kazi. Hakukuwa na lori wala bunduki. Nilivuka mpaka peke yangu kwa miguu, kwa kuwa nilitaka maisha ya raha. Kaka yangu alikuwa kitandani na homa ya mapafu juma lile lote. Yeye ni mfanyakazi mwaminifu wa nchi yake. Nilipomwambia naondoka aliniita msaliti, na tangu siku hiyo haniandikii wala simwandikii. Nilitumia jina lake kwa sababu nilimchukia. Naomba radhi kwa mtunzi, niliyemdanganya, na kwa watu wa kijiji hiki, ambao walinivisha na kunilisha kwa ajili ya hadithi isiyokuwapo."

Homa ya mapafu aliiugua kweli, ila Januari iliyofuata. Daktari aliyemtibu ni rafiki wa mama. Akiulizwa atajua la kusema.

Nimetembea mpaka posta ya mji, nisimpe Sabin aitume.

26 Oktoba, Jumapili

Wameitoa. Ukurasa wa kwanza, chini: "Mhungaria akiri." Barua yote imo. Jina langu nalo limo, limeandikwa sawasawa hata alama juu ya a. Ni mara ya kwanza nchi hii inaliandika bila kosa.

27 Oktoba

Tangu asubuhi simu ya nyumba haikutulia. Mchapishaji amesimamisha kitabu. Jalada lilishaandikwa kwamba ni kisa cha kweli.

Bwana Coutelier alikuja kwenye chumba cha taipureta akafunga mlango. Nilitegemea hasira. Alikuwa mzee ghafla, shati limetoka kwenye suruali. Aliniomba niandike barua nyingine, ya siri, kwa mchapishaji tu, nimweleze ukweli. Alisema anavyo vijitabu vyake vyote, tarehe kwa tarehe.

"Kaka yako aliliendesha lori lile," akasema. "Unajua, na mimi najua."

"Sijui chochote, bwana. Wewe ndiye mtunzi," nikamwambia. "Umetunga."

Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia nayo, na nadhani kwa dakika ile aliona mtu na si nchi. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi. Alikuwa na machozi, na kitabu chake, nisimnyime haki yake, kilikuwa kizuri.

28 Oktoba

Nimehamishiwa chumba kilicho juu ya mashine ya kukamulia. Bibi Léontine amesema nitabaki mpaka upogoaji uishe, kwa kuwa hana mikono mingine. Taipureta imerudi kwenye sanduku lake.

2 Novemba, Jumapili

Kanisani benchi langu lilikuwa na mtu mmoja, mimi.

Nilipotoka nilimkuta Sabin mlangoni. Siku sita alikuwa ananikwepa. Alivua kofia, akaishika mbele yake kama aliye ofisini kwa mkubwa, akaniuliza nimwambie yeye tu, hataenda kumwambia mtu. Yule kaka aliligeuza lori au hakuligeuza?

Nilitaka kumwambia. Lakini Sabin anapokunywa husimulia, na husimulia vizuri, na wachuuzi wa mvinyo wanatoka kila mahali. Nilimwambia hakukuwa na lori.

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. "Basi lile koti," akasema, na hakumaliza. Jioni nililikunja nikaliacha kwenye ngazi ya mlango wake. Asubuhi halikuwapo.

6 Novemba

Ukungu.

7 Novemba

Ukungu. Tumeanza kupogoa. Ukikata tawi la mzabibu kwa baridi hii, vidole havijui kama vimejikata na vyenyewe.

13 Novemba

Hakuna barua. Mama huandika kila tarehe moja. Nimeacha kusoma magazeti.

19 Novemba

Mkataji mmoja wa kutoka mji wa jirani aliuliza kwa sauti ni yupi kati yetu aliye yule Mhungaria mwongo. Wote waliangalia upande wangu. Niliinua mkasi juu. Walicheka, na mimi nilicheka nao kidogo, nikaendelea na mstari wangu.

27 Novemba, Alhamisi

Bahasha ina stempu ya Austria. Mtu wa majahazi ya Danube ameichukua kwa mkono na kuitia posta ng'ambo. Haina sahihi, lakini mwandiko wa mama naujua hata gizani.

Anasema Vendel aliitwa polisi tarehe ishirini na tatu Oktoba, akakaa mikononi mwao siku kumi na mbili. Siku za kwanza walimwekea mbele karatasi moja ya Kifaransa, baadaye wakamwekea ya pili. Daktari naye aliitwa akaulizwa juu ya homa ya mapafu. Mwishoni walimsomea barua ya pili neno kwa neno, wakamwambia asaini kwamba dada yake ni mwongo na kwamba hana uhusiano naye, wala familia yake. Akasaini. Jino moja limevunjika na mkono wa kushoto haujakaa vizuri, ila yuko kazini, kwenye lori lake.

Halafu ameandika hivi: "Alisema nikwambie alijua tangu mstari wa kwanza wa barua yako kwa nini uliandika hivyo, na kwamba alishindwa kula kwa kicheko na kilio. Sasa wanangojea kuona kama uliandika kweli. Kwa hiyo usituandikie tena, mwanangu. Wala sisi hatutakuandikia. Vaa vizuri."

Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya mistari, glavu mdomoni. Nikasoma tena. Kisha nikaipasua vipande vidogo na kuvitia kwenye ule mkokoteni wa moto tunaochomea matawi.

Sabin alikuwa akipita na pipa tupu begani. Alisimama upande wa pili wa moto. Ni majuma matatu hajanisemesha, lakini nadhani aliona uso wangu, au aliona stempu ya kigeni kabla haijashika moto.

"Imetoka kwa kaka yako?" akauliza.

"Kaka yangu haniandikii," nikamwambia.

Alilipandisha pipa vizuri begani akaenda zake. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sikuwa nimemdanganya.